Aliyekuwa Mama Nakiete

Namsifu alikuwa na miaka hamsini na mmoja siku alipoambiwa kwamba aliwahi kuzaa.

Ilikuwa gulio la Jumamosi pale Kisangeni, juu katika milima ya Upare, na alikuwa ameinama akichagua tangawizi kwenye mkeka wa muuzaji. Mtu akamshika bega kwa nyuma.

"Mama Nakiete! Jamani, si wewe huyu?"

Aligeuka. Mwanamke mzee, mnene, aliyevaa koti zito la watu waliozoea theluji, alikuwa akimtazama huku machozi yakimlengalenga. Ilimchukua muda kumtambua. Alikuwa Navoi, mkunga wa zahanati ya zamani, aliyehamia Kanada kwa mwanawe miaka ishirini iliyopita na ambaye tangu hapo hakurudi hata kuzika.

"Shikamoo, bibi Navoi," Namsifu alisema akicheka. "Umenifananisha. Mimi ni Namsifu, mke wa Elinihaki. Mwalimu wa hesabu."

"Marahaba, mwanangu. Nikufananishe na nani? Mikono hii ndiyo iliyompokea mwanao. Ulitokwa na damu usiku kucha hadi wakaamua kukupasua na kukitoa kizazi, nami nikambeba mtoto kifuani nikidhani utatuacha." Akamkumbatia. "Nakiete hajambo? Sasa hivi ni msichana mkubwa. Ana ishirini na miwili, au nimekosea hesabu?"

Namsifu alitaka kucheka tena, lakini alisikia kimya kimetanda. Muuzaji wa tangawizi ameacha kupima. Wanawake wa mkeka wa jirani wanatazama chini. Katika gulio lile, kuku akichoropoka watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Leo mwalimu tasa amepewa mtoto mbele ya umati, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja mbio, akamshika Navoi mkono. "Bibi umetoka safari, umechoka. Njoo upumzike kivulini." Akamvuta. Navoi alikuwa bado anauliza, "Nimesema nini? Kwani nimesema nini?"

Namsifu alimwinamia muuzaji. "Nakiete ni nani?"

"Mwalimu, nisamehe," yule mama alinong'ona. "Mimi niliapa."

"Ulimwapia nani?"

"Sote tuliapa. Pale uwanjani shuleni kwako."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kila mtu nchini alijua kiapo kile ni cha nini. Katika vitabu vya serikali iliitwa tiba ya kuondoa kumbukumbu, lakini mitaani watu walisema fulani amepukutwa, kama mti. Mgonjwa akishaondolewa jambo lililokuwa likimuua, wote wanaomzunguka huapishwa wasilitaje kamwe, maana wataalamu walionya kwamba neno moja tu linaweza kumvuruga akili moja kwa moja. Namsifu mwenyewe aliwahi kuapa mara mbili, kwa ajili ya askari mstaafu wa kitongoji cha chini, na kwa ajili ya binti aliyetendewa unyama na mjomba wake. Alikuwa hodari wa kukaa kimya. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kikao kingine ambacho yeye ndiye aliyekuwa nje ya mlango.

Aliacha kikapu pale pale, akashika njia ya kwake.

*

Elinihaki alikuwa uani, ameketi katikati ya wavu mkubwa wa ukungu, anaziba matundu kwa sindano ndefu. Tangu mvua zilipokoma kuaminika, vijiji vya juu vilikunywa mawingu. Nyavu zilisimamishwa kwenye migongo ya milima, ukungu ukanasa, matone yakashuka kwa mabomba hadi kwenye matangi. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa nyavu na matangi yote ya Kisangeni, kwa miaka thelathini sasa. Alimwona mkewe anakuja mikono mitupu, akatabasamu.

"Mwalimu, kikapu umekiuza pia?"

"Eli, Nakiete ni nani?"

Sindano ilisimama. Hakuuliza ni nani aliyemwambia. Akasema, "Kaa chini kwanza."

"Nimekuuliza."

"Ni mtoto wetu."

Alimweleza akiwa ameinamisha kichwa. Walimpata wakati Namsifu ana miaka ishirini na tisa. Aliishi miaka minne na miezi miwili. Alizama kwenye tangi la juu, asubuhi, siku ya ukungu mzito. Namsifu alikataa chakula, akakataa maji, mara mbili wakamkuta na kamba. Ulipotimia mwezi wa nne tangu msiba, daktari akasema, ama apukutwe, ama tujiandae kumzika kando ya mwanawe.

"Ulikubali mwenyewe," alisema. "Ulitia sahihi. Karatasi ninayo."

Namsifu alipandisha upindo wa blauzi yake. Kovu lilikuwa pale, chini ya kitovu, jeupe, alilolitazama kila alipooga. "Na hili?"

"Ndipo walipokupasua usiku aliozaliwa."

"Uliniambia nilitolewa uvimbe."

"Waliniambia niseme hivyo."

Alikaa sasa. Alikuwa na maisha yake yote kichwani, mwaka baada ya mwaka, bila pengo hata moja. Aliikumbuka miaka ile. Alikuwa akifundisha, alikuwa akiumwaumwa, walijenga jiko. Aliitafuta sura ya mtoto katikati ya jiko lile asiione.

"Miaka kumi na minane nimekuomba radhi," alisema taratibu. "Kila Krismasi ndugu zako wakija na watoto wao, nakufuata jikoni nakwambia nisamehe, Eli, sikukuzalia. Nawe unanishika kichwa unasema unanitosha, Mwalimu. Nilikwenda hadi Gonja kukutafutia msichana akuzalie. Unakumbuka? Nilimleta hapa hapa uani. Ukalia. Nikadhani unalia kwa mapenzi."

"Yalikuwa mapenzi."

"Ulikuwa unalia kwa sababu unamkumbuka mwanao, na mimi nimesimama mbele yako kama mjinga namshika mtoto wa watu mkono."

Elinihaki alivuta uzi wa wavu.

"Alizamaje?" Namsifu aliuliza. "Matangi yote yana mifuniko. Wewe ndiye unayetufundisha."

"Mfuniko ulikuwa wazi."

"Nani aliuacha wazi?"

Elinihaki aliushika wavu kwa mikono yote miwili. "Ulisema ni wewe," alisema.

Namsifu aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Sasa alielewa mambo mengi aliyodhani ni wema tu wa watu. Kwa nini mama fulani hakumwachia kamwe mwanawe aende naye kuteka maji. Kwa nini wazee humwambia, Mwalimu, wewe una bahati na mume, mwanamume wa namna hii hajazaliwa tena. Walikuwa wakimtazama mwanamke aliyemuua mtoto wake kwa uzembe, kisha akapewa dawa ya kulala usingizi mzuri. Walimwonea huruma. Huruma ile alikuwa ameila miaka kumi na minane kama chakula cha kawaida.

Ilipofika Jumapili jioni ndipo sentensi ya mumewe ilipomrudia jinsi ilivyosemwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu, alizoea kuona mahali mwanafunzi aliporuka hatua. Elinihaki hakusema ni wewe. Alisema ulisema ni wewe.

*

Jumatatu alipanda gari la kamba, lile linaloning'inia kwenye waya, peke yake hadi bondeni, kwenye kituo cha tiba ya kumbukumbu. Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana, Daktari Mmbaga, ambaye huenda alikuwa bado shuleni wakati Namsifu anapukutwa. Alikuwa mpole, na alisoma faili mara mbili kabla ya kuinua macho.

"Unajisikiaje, mama? Kizunguzungu? Kichwa?"

"Sijavurugika akili, kama ndilo unalouliza. Tuliambiwa neno moja tu linatosha kumvuruga mtu."

Daktari alifunga faili. "Hilo halijawahi kuthibitika," alikiri. "Lilisemwa ili watu wanyamaze."

Alimweleza kilichofanyika. Mgonjwa huvishwa kofia, huonyeshwa picha na sauti za yule anayetakiwa kuondoka, na kila njia ya ubongo inayowaka hukatwa. Yaliyobaki hujipanga yenyewe. "Ubongo haupendi shimo, mama. Unalijaza kwa vitu vya karibu. Ndiyo maana huoni pengo."

"Zinaweza kurudishwa?"

"Hapana. Zilishakatwa." Akasogeza kipaza sauti kidogo mezani. "Lakini kabla ya tiba ulitoa tamko. Sheria inakuruhusu kulisikia ukishajua. Unataka kubaki peke yako?"

"Kaa."

Sauti iliyotoka ilikuwa yake, lakini imekauka kama ya mtu aliyetembea siku nyingi juani.

"Mimi Namsifu, mke wa Elinihaki, nina akili zangu timamu na ninakubali. Ila nataka iandikwe hivi. Baraza la kijiji nimeliambia kwamba nilichukua ufunguo wa mume wangu nikaenda kuteka maji, nikaacha tangi wazi. Si kweli. Aliyeliacha wazi ni yeye. Asubuhi ile nilimwambia, Eli, tangi la juu halijafunikwa na mtoto anacheza nje. Akasema, nimalize chai. Nilisema ni mimi kwa sababu sheria ya maji ingemfunga miaka kumi, na mimi ningebaki bila mtoto na bila yeye. Sasa ninakwenda kusahau. Nikishasahau sitaweza kumkinga wala kumlaumu. Ameniahidi kwamba kabla sijaamka atakwenda barazani kusema ukweli, ili nisiishi katikati ya watu wanaojua juu yangu jambo ambalo si langu. Kwa ahadi hiyo, nakubali."

Kisha sauti ya mwanamume, kwa mbali, kama aliyesimama mlangoni. "Naahidi."

Daktari Mmbaga alizima.

"Mliisikia ahadi hii," Namsifu alisema. "Mnayo hapa kwenye sanduku lenu. Hakuna aliyeuliza kama ilitimizwa?"

"Kituo hakifuatilii maagano ya mke na mume, mama. Kinatunza tu."

Namsifu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu sahihi la swali baya. Alipokuwa akiinuka, daktari alisema, "Kuna jambo moja. Za kwako hazipo, lakini mumeo anazo za kwake. Siku hizi tunaweza kuzihamisha. Utamwona mtoto, utamsikia, utambeba. Kwa macho ya baba yake, lakini utakuwa naye."

"Mnanakili?"

"Hatuwezi kunakili. Kumbukumbu ikisomwa kwa undani ule inaharibika kule ilikotoka. Mmoja anapata, mwingine anakosa."

*

Kila Alhamisi Elinihaki alikwenda kukagua nyavu za mgongo wa juu, na kila Alhamisi Namsifu alimfungia viazi vikuu na chupa ya chai. Alhamisi ile hakufunga kitu. Alisema, "Leo tunakwenda wote."

Walipofika juu, mumewe aliacha njia ya nyavu, akapita kati ya migomba ya shamba la babake, hadi kwenye kaburi dogo lililozungushiwa mawe. Halikuwa na jina. Lilikuwa safi, limepandwa maua ya njano, na kando yake palikuwa na jiwe bapa lililong'aa kwa kukaliwa.

Namsifu alisimama akingoja kitu kimjie. Hakikuja. Ilikuwa kama amesimama kwenye kaburi la mtoto wa jirani.

"Chai yangu ulikuwa ukiinywea hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Nimeisikia sauti yako Jumatatu. Umesema neno moja tu." Akamgeukia. "Naahidi."

Elinihaki aliketi chini, si kwenye jiwe bali kwenye udongo. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na alivyokaa vile, magoti juu, alionekana kama mzigo ulioshushwa vibaya.

"Nilikwenda," alisema. "Siku ile ile wanakuvisha kofia nilipanda gari la kamba, nikafika hadi dirishani pa ofisi ya kijiji. Nikawasikia ndani. Wanasema, masikini Elinihaki, mke amemponza mtoto na bado yeye amembeba mke huyo mgongoni kumpeleka hospitali. Nikasimama. Nikasema, nitaingia kesho. Nikarudi kwako. Ulipofumbua macho ukanitazama ukatabasamu, ukasema una njaa. Namsifu, ilikuwa miezi minne hujasema una njaa. Nikasema, ngoja apate nguvu, maana nikifungwa nani atamlisha? Mwezi ukapita. Mwaka ukapita. Kila siku niliyochelewa iliifanya inayofuata kuwa nzito zaidi."

"Na wao wakaendelea kukusifu."

"Wakaendelea."

"Nawe ukazoea."

"Nikazoea," alisema.

"Ulinipenda?"

"Kila siku. Mungu ananiona."

"Najua," alisema Namsifu. "Hilo ndilo baya. Ungekuwa mtu mwovu ningejua pa kukuweka."

Alimwambia asimame barazani Jumamosi. Elinihaki alikubali kabla hajamaliza kusema.

Siku hiyo ya Jumamosi watu walijaa hadi nje ya uzio. Elinihaki alisimama akasema yote, chai, mfuniko, ahadi, dirisha la ofisi. Hakujitetea. Alipokaa, mwenyekiti alikohoa, akasema kesi ile ilikwishafungwa na muda wake kisheria umepita, kwa hiyo baraza linamshukuru fundi kwa uungwana wake. Watu wakaitikia kwa minong'ono. Mwanamke mmoja mzee alisimama kwa mkongojo.

"Mwalimu, binti yangu," alisema, "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mwanamume huyu amekutunza. Angeweza kuoa, hakuoa. Msamehe mzeeke pamoja."

"Kwenu yamepita, mama," Namsifu alimjibu. "Kwangu yameanza Jumamosi iliyopita."

Hakuna aliyemwomba radhi. Si kwa ubaya. Walikuwa wamemwonea huruma muda mrefu mno, na hawakujua waanze wapi kumtazama kwa jicho jingine. Alipokuwa akitoka, muuzaji wa tangawizi alimfuata nyuma akimwita, "Mama Nakiete! Mama Nakiete!" Namsifu aliendelea kutembea. Hakuwa amekasirika. Hakujua tu kwamba ni yeye anayeitwa.

*

Elinihaki ndiye aliyeleta habari ya kuhamisha. Alikuwa ameisikia zamani, alisema, na sasa hakuna tena cha kuficha. "Chukua zote. Kuanzia siku alipozaliwa. Mimi nimekaa naye miaka kumi na minane peke yangu, sasa ni zamu yako. Wewe ndiye mama."

Namsifu hakulala siku tatu kwa kulitaka jambo lile. Alilitaka kwa mwili, kama mtu anavyotaka maji. Kujua uzito wa mtoto yule mkononi. Kujua alikuwa akinukaje akitoka kuoga. Siku ya nne alisema ndiyo.

Ndani ya gari la kamba, mumewe alilala usingizi. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani, na kichwa chake kiliegemea kioo huku bonde likipita chini. Namsifu alimtazama. Katika miaka yao yote hakuwahi kumwona amelala mchana.

Daktari Mmbaga aliwakalisha kwenye viti viwili vilivyoelekeana. Alimvisha Elinihaki kofia kwanza, kisha Namsifu, akakagua mwanga kwenye kila moja. Alisoma maswali ya lazima.

"Mzee, unatoa nini?"

"Namtoa mtoto. Namrudisha kwa mwenyewe."

"Unatoa kwa hiari yako?"

"Kwa moyo wote."

"Daktari," Namsifu alisema. "Akiamka, atajua nini?"

"Atakujua wewe, nyumba yenu, kazi yake. Hatajua kwamba aliwahi kuwa na mtoto. Kijiji kitaapishwa upya, na wewe utakuwa mtunzaji wake."

"Na kifo chake?"

"Hatakijua."

"Na mfuniko?"

"Vimefungamana, mama. Huwezi kumtoa mtoto ukauacha mfuniko. Vyote vitakuja kwako. Utaikumbuka asubuhi ile kama yeye anavyoikumbuka."

"Nitakumbuka nikinywa chai."

"Ndiyo."

Namsifu aligeuza macho kwa mumewe. Uso wa Elinihaki ulikuwa umelegea, laini, kama wa mtu aliyekwisha kuvua viatu baada ya safari ndefu.

"Ulijua hili?" alimwuliza.

"Nilijua."

"Ndiyo sababu unanipa?"

Angeweza kusema hapana, na huenda angeaminiwa. Lakini alikuwa amechoka hata kusema uongo. "Sijui," alisema. "Naapa sijui, Namsifu. Nataka uwe naye. Na nimechoka. Vyote viwili vimo, siwezi kuvitenganisha."

Ilikuwa mara ya pili mwaka ule kumwita kwa jina lake. Namsifu alifumba macho. Aliona jinsi itakavyokuwa. Atamfungia viazi, naye atakula kwa hamu bila kujua kwa nini mkewe anamtazama vile. Ndugu zake watakuja na wajukuu, naye atamwambia mkewe, nisamehe, hatukujaliwa, na mkewe atamshika kichwa na kusema, unanitosha. Yangekuwa malipizi kamili. Asingehitaji hata kuinua sauti. Na hapo hapo yeye angekuwa mtu pekee duniani anayekumbuka kuliacha tangi wazi. Mara ya kwanza aliubeba uzembe wa mumewe kwa mdomo. Sasa angeubeba ndani ya kichwa, kama wake, mpaka afe, na mtoto akiwa ameshikamana nao.

Na mtoto angekuwa naye. Alitaka sana mtoto awe naye.

Alinyanyua mikono, akaivua kofia.

"Mama," daktari alisema, "unaweza kuchukua muda. Njoo hata mwezi ujao."

"Hapana. Sirudi."

"Namsifu," Elinihaki alisema, "ni zawadi. Ninakupa kitu cha pekee nilicho nacho."

"Ni zawadi kweli. Na ni kukimbia kweli. Lakini wewe hutapumzika, Eli. Mtu aliyemlea mwanangu na bado anamkumbuka amebaki mmoja tu, na mtu huyo hatasahau."

Alimwona akivunjika pale kitini, mtu mzima, kofia ikiwa bado inawaka kichwani. Moyo ulimsukuma kwenda kumshika, kwa kuwa ulikuwa umezoea kufanya hivyo miaka mingi. Aliuacha usukume, na hakwenda.

*

Alihamia nyumba ya walimu, kando ya shule. Vyumba viwili na kibaraza. Watu walisema ana roho ngumu, na baadhi walimpelekea Elinihaki chakula. Navoi alimsimulia aliyoyajua ya siku ile ya kujifungua, akalia, akarudi Kanada. Hakuwa na zaidi.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada Elinihaki alipanda hadi kibarazani, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha mbao alichowekewa. Masharti yalikuwa machache. Asimulie kwa mpangilio. Akilia asisimame. Asiseme kwamba anampenda.

Alianza na usiku wa uchungu, akaja kwenye jina, alilopewa na bibi yake mzaa baba. Jino la kwanza. Alivyoogopa jogoo. Alivyokataa uji usiotiwa tangawizi, na kulala kwa kushika sikio la mamake. Namsifu alisikiliza kama anavyosahihisha mitihani, akitega sikio pale hadithi ilipokuwa laini mno, pale baba alipotokea mwema mno. Mara nyingine alisema, "Rudia hapo," naye alirudia, na mara ya pili kulikuwa na kitu kimeongezeka ambacho hakikumpendeza msimuliaji. Ndivyo alivyojua kwamba labda sasa ni kweli. Zaidi ya hapo hakuwa na njia. Majirani walimwona mtoto njiani tu; kila alichokijua kuhusu mwanawe nyumbani kilipitia kinywa cha mtu aliyemdanganya, na hapakuwa na kinywa kingine.

Jumapili ya saba, ukungu ulikuwa umeshuka hadi uwanjani. Elinihaki alikuwa akieleza siku mtoto alipoingia kwenye pipa la unga akatoka mweupe kuanzia kope hadi vidole, nao wakacheka wote watatu.

"Alikuwa akichekaje?" Namsifu aliuliza.

"Alikuwa akicheka sana."

"Sikuulizi kiasi. Nakuuliza alichekaje."

Elinihaki alimtazama, akadhani amesikia vibaya. Kisha akaelewa anachoombwa. Aliweka mikono juu ya magoti, akajaribu. Sauti nyembamba ilimtoka, ikapanda, ikakatika kwa kwikwi, ikapanda tena, kicheko cha mtoto kwenye koo la mzee wa miaka hamsini na saba. Alikoma, akatikisa kichwa. "Siyo," alisema. "Ilikuwa juu zaidi. Ngoja."

Akajaribu tena.

Namsifu aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa nguvu zake zote, na hakujua kama ndivyo.